Sarafu Iliyokataa Kusimama

Ubao ulitoka kwenye msumeno kama uliopigwa teke na punda. Ulimpata Mama Vumbi juu ya jicho la kushoto, ukampasua, ukapita, ukatoboa ukuta wa bati wa karakana na kubaki umechomeka hapo, nusu ndani, nusu uani kwa jirani. Mama Vumbi alianguka chali kwenye unga wa mbao. Msumeno haukusimama. Uliendelea kunguruma na kutetemeka juu ya miguu yake minne, kama mbwa aliyeuma na bado hajashiba.

Mumewe ndiye aliyeuzima. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, mahali anapoketi siku zote. Alirukia swichi akaipiga kwa kiwiko, kwa sababu mkono wake wa kulia una vidole viwili tu, na akishtuka husahau kwamba anao pia wa kushoto. Kisha akapiga magoti.

"Unaniona?"

"Naona damu."

"Damu ni yako. Mimi unaniona?"

"Nakuona, Fundi. Una sura mbaya kama jana."

Hapo akajua mkewe hatakufa. Akavua shati, akalikunja, akalikandamiza juu ya jeraha kwa nguvu mpaka mwanamke akamtukana.

Mama Vumbi hana mtoto anayeitwa Vumbi. Jina hilo alipewa na mtaa kwa kuwa unga wa mbao haumtoki kwenye nyusi hata siku ya harusi ya watu. Mumewe wanamwita Saba, kwa hesabu ya vidole alivyobakiwa navyo. Aliyemwita hivyo kwa mara ya kwanza alipigwa ngumi ya mdomo. Wa pili alitukanwa. Siku hizi Saba huitika.

Zamani msumeno ule ulikuwa wake. Meza ya chuma na mota vilitoka kwenye lundo la shemeji yake, kaka mkubwa wa Mama Vumbi, mfanyabiashara wa vyuma chakavu ambaye naye mtaa ulimpa jina: Chuma. Aliwapa vitu hivyo siku ya ndoa yao, vikiwa na kutu, akasema mwanamume akishindwa kula kwa hivi basi afe njaa. Saba alivisafisha, akaweka shafti, ule mhimili wa kuzungusha meno, na beringi, puli na mkanda, akapata msumeno wa meza uliopasua mbao ngumu kama mtu anayechana kitambaa. Kila asubuhi, kabla ya kazi, aliwasha mashine na kusimamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza. Sarafu ikisimama, alikata. Ikianguka, alizima na kutafuta sababu. Wenzake walimcheka kwamba anapiga ramli.

Siku vidole vilipokwenda, sarafu ilisimama. Kosa halikuwa la mashine. Mteja alikuwa amemfokea tangu asubuhi, na Saba alikuwa akimjibu huku anasukuma ubao mbichi kwa mkono mtupu badala ya kijiti. Ubao ukabana, yeye akausukuma kwa hasira, na hasira ikafika kwenye meno kabla yake. Mteja ndiye aliyezimia.

Alirudi kutoka hospitali na bandeji iliyovimba kama kiazi. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja karakana, akachukua nyundo kubwa ya kupasulia mawe, akaishika kwa mkono wa kushoto na kuanza kuipiga mashine. Alipiga meza, ikabonyea. Alipiga diski, ile sahani ya meno, meno yakaruka kama punje za mahindi. Alipiga chini ya meza, kwenye shafti, akipiga mayowe kila pigo, mpaka majirani wakamwangusha na mmoja wao akamkalia kifuani. Baada ya hapo hakuigusa tena. Msumeno ulikaa chini ya turubai, na nyumba ikala kwa kuazima.

Mama Vumbi ndiye aliyeondoa turubai. Hakuwa amejifunza kazi hiyo popote isipokuwa kwa kuitazama miaka yote ya ndoa. Alimweka mumewe kwenye kigoda, akamwambia: wewe utakuwa mdomo, mimi nitakuwa mikono. Chuma alileta diski nyingine kutoka kwenye lundo lake, akaifunga mwenyewe. Alimtuma dada yake maji ya kunywa, akamwambia Saba akae mbali na kazi za wenye mikono, na aliporudi dada yake nati ya kushikilia diski ilikuwa tayari imekazwa kwa spana ndefu kama mguu.

"Nati hii mtu asiiguse," alisema Chuma. "Nimeikaza kiume."

Tangu siku ile mashine ilitetemeka. Mwanzoni kidogo, kama mtu mwenye baridi. Kisha zaidi. Sarafu haikusimama hata mara moja. Saba aliitazama ikianguka na kubingirika, akanyamaza, kwa sababu wote watatu walijua, au walidhani wanajua, ni nani aliyepinda shafti ile kwa nyundo.

"Vumilia, mdogo wangu," Chuma alikuwa akimwambia dada yake. "Hiyo ndiyo mahari ya mumeo. Anakulipa kwa awamu."

Akavumilia, akakata, akajifunza kusimama kando ya njia ya diski, kamwe si nyuma yake, kama Saba alivyomfokea kila siku mpaka sauti ikakauka. Siku ubao uliporuka, fokeo hilo ndilo lililomwokoa. Kama angesimama nusu hatua upande wa pili, ubao ungemkuta katikati ya uso.

Chuma alifika jioni ileile, wakati jeraha limeshashonwa na jicho limevimba na kufunga. Hakubisha hodi. Alimkuta Saba anaosha sakafu ya karakana, akamshika ukosi, akamgonga kichwa kwenye mlango. Saba alijaribu kumpiga kwa mkono wa kulia, na mkono ule ukateleza, hauna cha kukunjia ngumi. Chuma akampiga tumboni. Akampiga tena, mbavuni. Saba akaenda chini na ndoo, maji ya damu yakawamwagikia wote wawili.

"Ulijikata mwenyewe, tukanyamaza!" Chuma alikuwa anahema. "Ukavunja nilichokupa, tukanyamaza! Sasa unaniulia dada?"

"Kaka, mwache!" Mama Vumbi alisimama mlangoni kwa jicho moja. "Mimi ndiye niliyekuwa nakata."

"Kwa shafti aliyoipinda nani? Sema! Nani?"

Saba, akiwa pale chini, alimwangalia mkewe akikosa jibu, na katika vipigo vyote vya siku ile, hicho ndicho kilichomuuma zaidi.

Chuma alijifuta mikono. "Keshokutwa mchana nakuja na mkokoteni na vijana. Meza yangu, mota yangu, naondoka navyo. Nitavikatakata viwe vyuma. Na wewe, dada, utarudi nyumbani kwetu ukapumzike mbali na bwana huyu wa nyundo. Akitaka kukuona, aje kwangu. Atakiona cha mtema kuni."

Asubuhi iliyofuata Mama Vumbi alifunga kitambaa juu ya bandeji, akaingia karakana na kuchukua spana. Saba alikuwa kwenye kigoda, mdomo umepasuka, anapumua kwa upande mmoja.

"Unafanya nini?"

"Natafuta mtetemo unakotoka."

"Unajua unakotoka."

"Najua tunavyosema. Wewe ulinifundisha kupima kabla ya kukata. Leo napima."

Alianza na miguu ya meza. Aliutikisa mmoja mmoja. Wa nyuma ulikuwa unaelea juu ya sakafu, akauwekea kipande cha mbao ngumu, akakigonga kwa nyundo mpaka meza ikatulia kama kaburi. Akawasha. Akasimamisha sarafu. Ikaanguka kabla hajaondoa kidole.

"Toa mkanda," alisema Saba kutoka mlangoni. Hakukusudia kusema. Mdomo tu ulikumbuka kazi yake.

Akautoa mkanda, akawasha mota peke yake. Ilivuma. Sarafu ilisimama.

"Mota si mgonjwa," alisema Mama Vumbi.

"Mota sikuipiga."

"Basi kaa kimya, tufike ulipopiga."

Hatua iliyofuata ilihitaji kuitoa diski, ili mota izungushe shafti tupu. Hapo ndipo nati ya kiume ya Chuma ilipowasubiri. Mama Vumbi aliivuta, ikakataa. Akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, spana ikachomoka, akapiga goti kwenye chuma, akalia kwa hasira na kuitukana nati, ukoo wake na aliyeikaza. Diski iliyumba, ikamchana kiganja. Akaifunga kwa kabari, akashika tena.

"Unaikaza," alisema Saba. "Nati hiyo hufunguka kinyume na nyingine. Ifuate diski inakokwenda."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema nikae kimya."

Mama Vumbi alimtupia tambara. Lilimpata usoni. Alipoigeukia tena spana, alisikia kigoda kikianguka. Saba alikuwa amesimama nyuma yake. Aliweka bega chini ya mpini wa spana, akaweka na mkono wake wa vidole viwili juu ya mkono wa mkewe, na wakasukuma pamoja, meno yameumana, mbavu zake zilizopigwa zikimpigia kelele. Nati ililegea kwa mlio wa risasi. Wote wawili wakaanguka juu ya meza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Saba kuigusa mashine ile tangu siku ya nyundo. Akauondoa mkono haraka kama aliyegusa jiko.

Diski ikatoka. Mkanda ukarudi. Shafti ilikuwa tupu, ileile iliyopigwa, yenye alama za nyundo zilizobaki kwenye chuma cha meza juu yake kama makovu ya ndui. Mama Vumbi aliishika akaisukuma juu na chini kuona kama beringi zina mchezo. Hazikuwa nao. Akawasha.

Shafti ilizunguka. Kama ingekuwa imepinda, ncha yake ingechora duara hewani, na jicho lingeliona. Ncha ilisimama mahali pamoja kama sindano. Akaweka sarafu.

Ikasimama.

Saba alikuwa amegeuzia uso ukutani. "Imeanguka?"

"Njoo uone."

Alikuja. Alitazama kwa muda. Kisha akaipiga sarafu kwa kofi, ikaruka hadi kwenye madirisha.

"Rudia."

Akairudia. Ikasimama. Saba akaipiga tena.

"Rudia!"

Alirudia mpaka mwanamume yule akaketi sakafuni kwenye unga wa mbao, akaanza kujipiga paji la uso kwa ngumi ya kushoto, si kwa nguvu, taratibu, kama anayegonga mlango wa mtu aliyelala. Mwaka mzima alikuwa amekula chakula cha mkewe akijua kwamba kila mtetemo wa mashine ile ulikuwa mkono wake. Mama Vumbi angetaka kumwambia kwamba yeye hakuwahi kuamini hivyo. Lakini angekuwa anaongopa, na Saba alikuwa amemwona mlangoni. Kwa hiyo alimshika ngumi ile, akamwambia ainuke, kazi haijaisha.

Aliirudisha diski kwenye shafti ili aipime yenyewe, na diski ikamjibu kabla ya umeme. Ilining'inia. Tundu lake la katikati lilikuwa kubwa kuliko shafti. Ukiisukuma inakwenda, ukiivuta inarudi. Diski ya mashine kubwa zaidi.

"Haiwezekani," alisema Saba. "Ilikuwa imekaza. Kulikuwa na kitu humo ndani."

Wakapiga magoti wote wawili, wakachekecha unga wa mbao kwa mikono chini ya meza. Mama Vumbi ndiye aliyekipata: kipande cha bati jembamba, chekundu upande mmoja, kimekatwa kwa mkasi kutoka kopo la soda. Kilikuwa kimeviringishwa kwenye shafti ili kujaza nafasi. Upande mmoja ulikuwa umesagwa ukawa mwembamba kama karatasi, mwingine umejikunja. Diski ilikuwa imekaa upande, inazunguka kama kilema anayekimbia, na kila bati lilivyozidi kusagwa ndivyo meno yalivyozidi kuupiga ubao badala ya kuukata. Mpaka siku ile yakaukamata na kuurusha.

Saba alikigeuza kipande kile kwenye mwanga. Kwenye ukingo bado zilionekana herufi za kinywaji anachokunywa Chuma.

"Kikulacho," alisema, na hakumalizia.

Fundi wa kukereza vyuma, barabara ya pili, alipooneshwa kipande kile alikiacha kikaanguka mezani kama mdudu. "Bati la soda? Kwenye diski inayozunguka kasi hiyo? Dada, aliyekufungia alikuwa anakupenda au alikuwa na haraka ya kurithi?"

"Alikuwa anatupenda," alisema Mama Vumbi. "Ndiyo shida yake."

Yule fundi akamkerezea pete ya chuma ya unene kamili, inayoingia kwenye tundu la diski kwa kugongwa kwa mpini wa nyundo na kutotoka kwa maombi.

Siku ya mkokoteni, Chuma alikuja na vijana wawili, mtaimbo, na nyundo kubwa ileile. Alikuwa ameichukua kama ushahidi jioni ile aliyompiga Saba, akasema itamaliza kile ilichokianza. Alikuta msumeno umewashwa, diski inazunguka, na karakana iko kimya kiasi kwamba mlio wa diski ulisikika peke yake, mwembamba, kama mbu. Sarafu ilikuwa imesimama katikati ya meza.

"Kaka, itazame."

Chuma aliitazama. Kisha akapiga ngumi mezani. Sarafu ikaanguka.

"Unaona? Imeanguka."

Mmoja wa vijana wake akacheka, akajuta. Mama Vumbi akazima mashine, akangoja diski isimame, akaweka kipande cha bati jekundu mbele yake.

"Hiki kilikuwa nyuma ya nati yako ya kiume. Shafti haijapinda. Haikupinda hata siku moja."

Chuma alikitambua, shingo yake ilisema hivyo kabla ya mdomo. "Ile ilikuwa ya muda tu. Nilitaka uanze kazi, mlikuwa mnalala njaa! Ningeleta pete."

"Ulileta?"

"Nilisahau. Mtu hasahau? Hata hivyo shafti imepigwa nyundo, mtaa mzima uliona. Leo imenyooka, kesho itakuua. Ondokeni."

Aliinua nyundo. Saba akaingia kati. Hakuwa na ngumi, kwa hiyo alitumia kichwa. Alimpiga shemeji yake kifuani, wakaenda pamoja hadi kwenye rafu ya vyombo, na patasi, misumari na makopo ya gundi vikawamwagikia. Chuma alimshika koo. Nyundo ilikuwa bado mkononi mwake, na safari hii hakuwa anaangalia mashine.

"Nakuua, shemeji! Haki ya nani nakuua!"

Mama Vumbi aliushika ubao uliokuwa bado umechomeka ukutani, ule wenye damu yake, akauweka mguu kwenye bati na kuuchomoa. Akampiga kaka yake nyuma ya magoti kwa nguvu zake zote. Chuma alikwenda chini kama gunia. Alipojaribu kuinuka, akampiga tena, mgongoni. Vijana wa mkokoteni walirudi nyuma hadi nje. Hawakuwa wameambiwa habari za mwanamke.

Nyundo ilikuwa sakafuni. Mama Vumbi aliisukuma kwa mguu hadi chini ya meza. Kisha akachukua kile kipande cha bati, akakiweka kwenye kiganja cha kaka yake, akaukunja mkono ule kwa mikono yake miwili na kuubana.

"Dada. Kinakata."

"Najua."

Alibana mpaka damu ikapita kati ya vidole. Chuma, mtu aliyebeba mota mabegani bila kuguna, aliuma mdomo, na hakuuvuta mkono.

"Ulimpiga mume wangu kwa kosa lako," alisema Mama Vumbi. "Na mimi nilisimama pale nikakosa neno. Hiyo nimejilipisha mwenyewe. Hii ni yako. Meza ni yangu, mota ni yangu, ulivitoa siku ya ndoa mbele ya watu. Nenda kaoshe mkono."

Chuma alisimama kwa kushika ukuta. Alimtazama Saba, aliyekuwa anakohoa juu ya misumari. Kitu pekee alichoweza kusema kilikuwa, "Shemeji, kichwa chako ni kigumu," na hakuna aliyejua kama ni tusi au ni kuomba radhi. Alitoka akichechemea. Mkokoteni ukarudi mtupu, na kwa siku nyingi mtaa haukuzungumzia kitu kingine.

Mama Vumbi alibaki na ubao mikononi. Ulikuwa mzuri bado, umepasuka ncha tu. Aliulaza mezani, akausogeza kwenye reli, akawasha. Akasimamisha sarafu.

"Upande ule hakuna wa kuupokea," alisema bila kugeuka.

Saba aliinuka kutoka kwenye misumari. Alipita mbali na diski, akazunguka hadi nyuma ya meza, akasimama kando kama alivyomfundisha mkewe kusimama. Ubao ulipoanza kutokea upande wake, vidole saba viliushika. Vilikuwa vinatetemeka, mashine haikuwa. Diski ilipita katikati ya doa la damu, ikaligawa, na vipande viwili vikalala mezani vimenyooka, bila kuungua ukingo.

Saba alipitisha kidole gumba kwenye mkato. Akatema damu pembeni.

"Lete mwingine," alisema.